Mawe, Chokaa na Boriti: Ujenzi wa Unguja katika Mizani ya Fiqhi na Historia

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883 mbele ya bahari ya Forodhani, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea. Watu wawili walifariki. Tunawaombea rehema. Jumba hilo lilikuwa kubwa kuliko yote Mji Mkongwe, na dunia nzima ikapata khabari. Lakini wakaazi wa Mji Mkongwe wanajua kwamba zipo nyumba nyingi ndogo, zisizokuwa na jina, ambazo kila msimu wa masika huangusha ukuta, dari au ngazi, na nyingi miongoni mwa hizo ni mali ya wakfu au ni jirani ya msikiti.

Kwa hivyo suala la jengo la mawe si la wasanifu wa majengo na watalii peke yao. Ndani yake mna roho za watu, mna haki ya jirani, mna haki ya mpita njia, na mna amana ya mtu aliyeweka wakfu akafariki akitaraji thawabu zake zisikatike. Katika makala hii tutaeleza, kwa kadiri Mwenyezi Mungu atakavyotuwezesha, historia ya ujenzi huu, namna unavyosimama, kazi ya wasanifu walioushughulikia, kisha hukumu za fiqhi zinazomhusu imamu, kamati ya msikiti na mwenye nyumba.

MSIKITI WA MTUME (S.A.W.) NA VIFAA VYAKE

Tuanze na msikiti ulio mfano wa misikiti yote. Imepokelewa katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Abdallah bin Umar (R.A.), maelezo ya vifaa vya Msikiti wa Madina. Katika zama za Mtume (S.A.W.) kuta zake zilikuwa matofali ya udongo mbichi, nguzo zake magogo ya mitende, na paa lake makuti ya mtende. Sayyidna Abubakar (R.A.) hakuongeza kitu. Sayyidna Umar (R.A.) aliupanua, lakini akaujenga kwa vifaa vile vile. Sayyidna Uthman (R.A.) ndiye aliyeubadilisha: alijenga kuta na nguzo kwa mawe ya kuchonga, akazipiga lipu, na paa akalifanya la msaji.

Katika khabari hiyo mna mafunzo matatu. La kwanza, kifaa kilichoko karibu na watu si aibu. Nyumba bora ya ibada ilianza kwa udongo na mtende. La pili, kubadilisha kifaa si haramu kwa asili yake, kwani Sayyidna Uthman (R.A.) alikifanya hayo mbele ya Sahaba. La tatu, mabadiliko yale hayakupita kimya. Katika Sahihi Muslim imepokelewa kwamba watu walizungumza juu ya kitendo chake, naye akawajibu kwa hadithi ya fadhila za mwenye kujenga msikiti kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Yaani Sahaba hawakulichukulia jengo la msikiti kuwa jambo la kupitisha bila ya kuuliza. Aliyetaka kubadilisha alitakiwa sababu, naye akatoa sababu yake.

Sisi leo tukiona kamati imebomoa ukuta wa miaka mia mbili kwa siku moja, na hakuna aliyeuliza, tujue kwamba tumeacha mwendo huo.

UJENZI WA UNGUJA TANGU KIZIMKAZI

Ushahidi mkongwe ulioandikwa wa msikiti katika Unguja uko Kizimkazi Dimbani, kusini ya kisiwa. Kando ya mihrabu yake mna maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na jina la aliyeamrisha ujenzi, Sheikh as-Sayyid Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad. Msikiti wenyewe ulijengwa upya katika karne ya 18, na leo umeezekwa mabati, lakini maandishi yale yamebaki. Watu waliswali hapo kabla ya Mreno kufika pwani hii kwa karne nne.

Mafundi wa wakati ule walitumia mawe ya aina mbili. Jiwe la nchi kavu, yaani tumbawe la zamani lililogeuka mwamba, lilitiwa katika kuta. Tumbawe la baharini, ambalo likitolewa majini huwa laini na hukatika kwa shoka na tindo, kisha likikauka hukaza, lilitumiwa kwa kazi ya kuchonga kama vile mihrabu na maandishi. Ndiyo maana maandishi ya Kizimkazi yana mistari mizuri ambayo jiwe la kawaida la Unguja haliikubali.

Mji Mkongwe tunaouona leo ni mdogo kwa umri. Ulikua hasa baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Humo walikutana Waswahili, Waomani, Wahadhrami, Wangazija na Wahindi, na kila watu waliacha alama yao. Misikiti ya Kiibadhi ilijengwa bila ya mapambo na bila ya minara, kiasi kwamba mgeni huweza kupita mlangoni asijue kuwa ni msikiti. Msikiti wa Malindi una mnara wa umbo la pia, ambao mfano wake ni nadra katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Pamoja na tofauti hizo, vifaa vilikuwa vimoja: mawe, chokaa na boriti.

NYUMBA YA MAWE INASIMAMA VIPI

Ni muhimu imamu na mwanakamati aelewe jambo hili, kwa sababu hukumu ya kitu hujengwa juu ya kukijua.

Ukuta wa nyumba ya mawe ya Unguja haukujengwa kwa matofali yaliyochongwa yakakaliana. Ni mawe ya kila umbo yaliyoshikanishwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa, na unene wake kwa kawaida ni kadiri ya nusu mita au zaidi. Kinachoulinda ukuta huo ni lipu ya chokaa iliyo nje yake. Lipu ikipasuka na isizibwe, maji ya mvua huingia ndani, huuosha ule udongo uliomo baina ya mawe, na ukuta huanza kutoka tumbo. Ukishafika hapo, kuanguka kwake ni suala la wakati.

Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe. Wachomaji hupanga magogo kwa duara, wakaweka mawe juu, wakawasha moto mkali. Jiwe likiungua vizuri hupoteza hewa iliyomo ndani yake na kubaki jepesi. Kisha tanuu huachwa ipoe na chokaa izimwe kwa maji au kwa mvua. Mafundi wazee huiacha muda mrefu kabla ya kuitumia, kwani chokaa iliyozimwa kwa haraka huvimba baadaye ikiwa ukutani na kuipasua lipu. Ikishapakwa, chokaa huirejesha polepole ile hewa iliyopoteza na kurudi kuwa jiwe. Huo ni mzunguko wa ajabu, na mwenye kutafakari ataona humo ishara ya uwezo wa Muumba.

Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, mti ambao mchwa hawaupendi. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Kwa sababu hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kadiri ya mita 3. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa zege la chokaa na kupigwa mpaka likakaza. Hiyo ndiyo sakafu. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, ambako saqfu ni paa. Sisi tumelifanya kuwa chini pa kukanyagwa, kwa kuwa katika nyumba ya ghorofa paa la wa chini ni sakafu ya wa juu. Neno hilo peke yake linatukumbusha kwamba wakaazi wa nyumba moja hawawezi kutengana katika madhara.

Nyumba ya namna hii inapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka kupitia lipu ya chokaa na kukauka kwa upepo. Hapa ndipo saruji inapoingia na kuharibu. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe na haipitishi unyevu vizuri. Fundi akiipaka juu ya ukuta wa zamani, kwa mwaka mmoja au miwili ukuta huonekana mpya. Lakini maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea. Hubaki humo pamoja na chumvi ya bahari, hula mawe, na hufika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani zikaoza bila ya mtu kuona. Aidha, zege zito la saruji likimwagwa juu ya kuta zilizoshikwa na udongo huongeza mzigo ambao haukukusudiwa. Nondo nazo, zikitiwa katika zege la mchanga wenye chumvi, hupata kutu, hutanuka na kulipasua.

Hatusemi kwamba saruji ni mbaya. Kwa jengo jipya lililopimwa kwa saruji, ni kifaa kizuri. Tunasema kwamba kuivisha nyumba ya chokaa ngozi ya saruji ni kuificha maradhi yake.

KAZI YA WASANIFU

Elimu hii ilikuwa mikononi mwa waashi na haikuandikwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali, wenyewe wengi walihama, na vyumba vilipangishwa kwa kodi ndogo isiyotosha matengenezo. Hapo ndipo majumba yalipoanza kuanguka kwa wingi. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Katika pwani yetu, miongoni mwa wa mwanzo kuandika elimu hii kwa njia ya kitaalamu alikuwa msanifu kutoka Iraq, Usam Ghaidan, aliyesomesha Chuo Kikuu cha Nairobi na akachapisha tafiti mbili juu ya mji wa Lamu, mwaka 1975 na 1976. Aliipima mitaa na nyumba za Lamu, akaonesha kwamba mpango wake una hekima na haukutokea kwa bahati.

Nyuma yake alikuja Francesco Siravo, msanifu wa Kitaliana. Alifanya kazi Lamu, na kitabu cha mpango wa hifadhi ya mji huo alichoandika pamoja na Ann Pulver kilitoka mwaka 1986 kupitia Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kisha alikuja Unguja chini ya Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni. Nyumba za Mji Mkongwe, kadiri ya 1,700, zilikaguliwa na kuandikwa, yakapangwa majengo kwa daraja ya umuhimu wake, na ikaelezwa kipi kinaweza kubadilishwa na kipi kisiguswe. Mpango huo ulipitishwa mwaka 1994 na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1996. Wakati huo huo taasisi ile ililikarabati jumba la zahanati lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887 karibu na bandari. Baadaye Siravo alifanya kazi kama hiyo Cairo, katika mtaa wa Darb al-Ahmar. Disemba 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO, na Lamu ukafuatia mwaka 2001.

Tumewataja wote wawili kwa uadilifu, kwani mwendo wa wanavyuoni wetu ni kuichukua hekima popote ilipo. Lakini yuko msanifu mwengine ambaye maisha yake yana funzo kubwa zaidi kwetu, naye ni Hassan Fathy wa Misri.

Fathy alizaliwa Alexandria mwaka 1900. Katika miaka ya 1940 aliona kwamba mkulima wa Misri hawezi kununua saruji, chuma wala mbao, ilhali chini ya miguu yake ana udongo usiokuwa na bei. Alijaribu kujenga kuba na mapaa ya mviringo kwa matofali ya udongo, yakamuanguka. Aliposafiri mpaka Aswan, kwa Wanubi, alikuta waashi wasiojua kusoma wanaoezeka chumba kwa matofali matupu bila ya kushikiza mbao chini yake. Akawa mwanafunzi wao. Pamoja nao akaanza kujenga kijiji cha Gurna Mpya karibu na Luxor, chenye msikiti, soko na skuli.

Kijiji kile hakikukamilika. Wanakijiji walioamriwa kuhamia humo walikataa, kwa kuwa hawakutaka kuachishwa makaazi yao ya zamani na riziki yao. Fathy hakuyaficha hayo. Aliyaandika katika kitabu kilichotoka Cairo mwaka 1969 na kuchapishwa tena Chicago mwaka 1973, ambacho kikasomwa na wasanifu wa dunia nzima. Alipokuwa na umri wa miaka 80 alikwenda New Mexico, Marekani, pamoja na waashi wa Kinubi, kuwajengea Waislamu wa huko msikiti wa udongo. Alifariki Cairo mwaka 1989.

Mambo mawili tunayachukua kutoka kwake. Kwanza, msomi alikiri kwamba elimu iko kwa fundi, akakaa miguuni pake. Pili, jengo zuri likijengwa bila ya ridhaa ya watakaoishi humo halikaliki. Mwenye kuhifadhi Mji Mkongwe kwa ajili ya wageni, huku mkaazi wake hana pa kwenda, atafikia pale pale ilipofikia Gurna.

HUKUMU ZA FIQHI

Sasa tuingie katika masuala yenyewe. Tutafuata zaidi madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa visiwa hivi, na kutaja mengine pale penye faida.

Suala la kwanza: Boriti katika ukuta wa jirani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zinachangia ukuta. Imepokelewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kumzuia jirani yake kupachika mti katika ukuta wake. Imamu Shafi katika kauli yake kongwe aliichukua hadithi hii kuwa ni wajibu. Katika kauli yake mpya, ambayo ndiyo iliyotegemewa, alisharutisha idhini ya mwenye ukuta, na hadithi ikachukuliwa kuwa ni himizo la wema. Kwa kauli zote mbili, boriti zilizopachikwa kwa ridhaa tangu enzi za mababu hazichomolewi kienyeji. Mwenye kubomoa upande wake anamuondolea mwenzake kilichomshika, na kanuni ya kuondoa madhara inamzuia kufanya hivyo kabla ya kumuarifu na kumkinga.

Suala la pili: Kikio na baraza. Wikio ni vyumba vinavyopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba katika njia inayopitika na watu wote haijuzu kutoa jengo linalowadhuru wapitao. Likitolewa, liwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake akiwa amesimama wima, na ikiwa ni njia ya misafara basi apite ngamia na mzigo wake. Ama njia isiyopenya, hiyo ni haki ya wakaazi wake, na hapana atakayetoa kitu bila ya ridhaa yao. Wajenzi wa zamani waliyajua haya. Leo wapo wanaoziba uchochoro kwa ngazi ya zege, jenereta au meza za biashara, na hukumu yake ni ile ile.

Suala la tatu: Ukuta ulioinama. Ukuta ukiangukia mtu au mali, nani ana dhamana? Katika madhehebu ya Shafi, aliyejenga ukuta umeinama kuelekea njiani ana dhamana ya utakachoharibu. Aliyeujenga sawasawa, kisha ukainama wenyewe na kuanguka, hana dhamana kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Lakini ipo kauli nyengine ndani ya madhehebu hayo hayo kwamba atadhamini ikiwa alikuwa na uwezo wa kuubomoa au kuutengeneza, asifanye. Wanavyuoni wa Kihanafi wao wameliangalia onyo: mwenye ukuta akionywa, akapewa muda wa kutosha, akapuuza, basi dhamana ni yake.

Ndugu msomaji, usiishike kauli ya kukosa dhamana ukaifanya ruhusa ya kulala. Kutolazimika kulipa fedha ni jambo moja, na kusalimika na dhambi ni jambo jengine. Mtu anayeuona ukuta wake umetoka tumbo juu ya njia ya watoto wanaokwenda chuoni, naye anao uwezo, kisha akanyamaza, atajibu nini mbele ya Mola wake?

Suala la nne: Msimamizi wa wakfu. Hapa ndipo penye uzito. Nawawi amesharutisha kwa msimamizi uadilifu na uwezo wa kazi, na akataja kazi zake: kukodisha, kuimarisha jengo, kukusanya mapato na kuyagawa. Uimarishaji umetangulia mgao. Kwa hivyo kodi ya nyumba ya wakfu kwanza huziba ufa, hubadilisha mlizamu uliotoboka na hurejesha lipu, ndipo wenye haki wapewe kilichobaki. Kuwagawia wote mwaka hadi mwaka mpaka nyumba ikaanguka ni kuwala wenye haki watakaokuja baada yao. Na msimamizi ni mwenye kuaminiwa. Mwenye kuaminiwa akizembea hudhamini.

Uwezo wa kazi nao haumaanishi kujua hesabu tu. Anayesimamia nyumba ya chokaa, ama aijue chokaa au amuulize anayeijua.

Suala la tano: Kubadilisha sura ya wakfu. Nawawi ameeleza katika Rawdha kwamba wakfu haugeuzwi umbo lake, kama vile nyumba kufanywa bustani au hamamu, isipokuwa ikiwa mwenye kuweka wakfu alimuachia msimamizi atazame maslaha. Tangu utalii ulipokuwa, yapo matamanio makubwa ya kuzifanya nyumba za mirathi na wakfu kuwa hoteli na maduka. Kabla ya kutia saini, lisomwe sharti la mwenye wakfu, na warejewe wanavyuoni na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Suala la sita: Boriti na mawe yaliyotolewa. Msikiti ukitengenezwa, vitu vyake vya zamani ni vya nani? Kwa Kishafi msikiti wenyewe hauuzwi kwa hali yoyote, hata ukianguka na isiwezekane kuurejesha. Ama magogo yake yaliyovunjika na mikeka yake iliyochakaa, kauli sahihi zaidi ni kwamba inajuzu kuuzwa ikiwa haifai tena ila kuchomwa moto, na thamani yake irudi katika maslaha ya msikiti. Maana yake ni kwamba boriti inayofaa, mlango mzima, jiwe la mihrabu lenye maandishi, havifai kuuzwa wala kutupwa jaani. Wangapi wametoa milango ya misikiti wakidhani ni mbao kuukuu?

JE, KILA CHA ASILI NI CHEMA?

Insafu inatutaka tuseme upande wa pili. Chokaa inachomwa kwa magogo mengi, na kila tanuu ni miti iliyokatwa. Boriti ni mikoko, nayo ndiyo mazalio ya samaki na kinga ya ufukwe. Tumbawe lililo hai baharini likivunjwa, mvuvi wa kesho ndiye atakayekula hasara. Mababu walikuwa wachache na walijenga kwa polepole. Sisi ni wengi na tuna haraka.

Sheria yetu haikuliacha jambo hili. Mtume (S.A.W.) aliihifadhi ardhi ya an-Naqi karibu na Madina kwa maslaha ya watu wote, na wanavyuoni wakaona kutokana na hayo kwamba kiongozi anaweza kuizuia sehemu ya malisho au msitu kwa ajili ya umma. Kwetu Unguja, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, inalinda msitu na mikoko. Mwenye kukata huko kwa kisingizio cha kutengeneza msikiti hakumfurahisha Mola wake, kwa sababu jema halifikiwi kwa kuwadhulumu watu haki yao.

Njia ya wastani ni kukitunza kilichopo ili kisihitaji kingine. Jiwe lililoanguka litiwe tena ukutani. Boriti iliyo nzima irudishwe. Ukuta unaopakwa chokaa kila baada ya misimu michache hauhitaji tanuu nzima, lakini ulioachwa miaka thelathini utaihitaji.

NASAHA KWA MAIMAMU NA KAMATI

Kwanza, kabla ya masika pandeni juu ya paa. Angalieni mabati, milizamu na magugu yaliyoota ukutani. Mti mdogo wa mtini ukiachwa katika ufa huufungua ukuta wote. Maji yakizuiwa juu na yakaondoshwa chini, nyumba ya mawe huishi muda mrefu.

Pili, mfadhili akija na fedha za kubomoa na kujenga upya, mshukuruni, kisha mumuombe kwanza atume mtu wa kupima. Huenda fedha zile zile zikatosha kutengeneza, na zikabaki za kusomeshea watoto. Na ndani ya Mji Mkongwe, hakuna kazi ya kuanzwa bila ya kibali cha Mamlaka.

Tatu, watafuteni mafundi wazee wa chokaa wawafundishe vijana. Elimu inayokaa kwa watu inaondoka kwa kufa kwao. Vijana wanaomaliza chuo na kukosa kazi wanaweza kujifunza uashi huu, ukawa riziki ya halali na sadaka yenye kuendelea kwa aliyewafundisha.

Nne, andikeni. Kila msikiti uwe na daftari la nani aliuweka wakfu, masharti yake, mali zake, na matengenezo yaliyofanywa kwa tarehe zake. Kizimkazi tunamjua Abu Imran kwa sababu jina lake liliandikwa juu ya jiwe. Wangapi waliojenga baada yake hatuwajui?

Tano, litajeni jambo hili katika khutba. Mwenye nyumba asikie kwamba ukuta unaomtisha mpita njia ni katika udhia ambao kuuondoa njiani kumehesabiwa kuwa ni tawi la imani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotujengea, awape subira waliofiwa na jamaa zao chini ya kuta zilizoanguka, na atuwezeshe kuirejesha amana kama tulivyoikabidhiwa. Wallahu aalam.